Zebaki Ndani ya Chupa: Kutoka Bundaberg Hadi Gisenyi

Chupa ya dozi 10 ya chanjo ya pentavalenti, iliyozoeleka katika vituo vya afya vya Afrika Mashariki, ina mililita 5 tu za kimiminika cheupe. Kila mtoto huchomwa nusu mililita pajani, na kwa nusu mililita hiyo hukingwa dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini ya aina B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Humo pia mna zebaki. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na hili kweli lipo: chanjo hiyo huhifadhiwa kwa dawa iitwayo thiomesali, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Katika dozi moja zebaki hiyo haizidi takriban mikrogramu 25, na gramu moja ina mikrogramu milioni moja.

Mzazi akisikia neno zebaki ana haki ya kushtuka. Zebaki imeua watu, tena wengi. Kwa hiyo sitaki kumwambia asiogope kisha nikaenda zangu. Nataka tuifuate pamoja njia ya tone hilo hadi lilipofika ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwa sababu njia hiyo inaanzia kwenye makaburi ya watoto, na wanaoeneza hofu ya zebaki leo huwa hawayataji makaburi hayo.

Gisenyi nimeichagua kwa makusudi. Mji huu wa Rwanda, ambao ndio makao ya wilaya ya Rubavu, umegusana na Goma ya Kongo kiasi kwamba mpaka unapita kati ya nyumba na nyumba. Mpaka ukiwa wazi, makumi ya maelfu ya watu huvuka kwa miguu kila siku pale Petite Barrière, wengi wao akina mama wenye mizigo kichwani. Wanaovuka huvuka na maradhi yao, na habari pia huvuka. Mwezi Julai 1994, ndani ya siku chache, mamia ya maelfu ya wakimbizi walipita Gisenyi kuingia Goma, na kipindupindu kikawapokea kambini. Katika mwezi wa kwanza peke yake walikufa takriban watu 50,000. Upande wa Rwanda, nchi ikiwa imetoka katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, huduma za afya zilikuwa zimevunjika: mwaka huo waliofikiwa na chanjo za surua na polio hawakufika hata mtoto mmoja kati ya wanne.

Mwaka 2002 Rwanda iliingiza pentavalenti kwa msaada wa GAVI, muungano wa kimataifa wa chanjo, mapema kuliko nchi nyingi za bara hili. Muongo mmoja baadaye zaidi ya watoto 90 kati ya 100 walikuwa wakikamilisha dozi zao tatu. Waliofanya kazi hiyo ni wauguzi wa vituo vya afya na wale wanaoitwa kwa Kinyarwanda abajyanama b'ubuzima, wanakijiji waliochaguliwa na wanakijiji wenzao, wanaomjua kila mtoto mchanga wa kilimani kwao. Wao ndio wanaobaki na swali la zebaki mlangoni, na wanastahili kulijibu wakiwa na historia yote mkononi.

Historia hiyo inaanza India. Tarehe 30 Oktoba 1902, katika kijiji cha Mulkowal huko Punjab, watu 107 walichanjwa dhidi ya tauni kwa chanjo ya Waldemar Haffkine. Waliochomwa kutoka chupa moja, watu 19, walipata pepopunda na kufa wote. Muda mfupi kabla ya hapo maabara ilikuwa imeacha kutia dawa ya kuua vijidudu ndani ya chanjo hiyo na kutegemea joto peke yake. Haffkine alisimamishwa kazi na jina lake likachafuliwa hadi mwaka 1907, alipoondolewa lawama. Uchunguzi ulielekeza macho kwenye chupa yenyewe na namna ilivyofunguliwa pale kijijini.

Kituo cha pili ni Bundaberg, mji wa mashamba ya miwa katika jimbo la Queensland, Australia. Hapa inatupasa tukae, kwa kuwa hapa ndipo sheria ya vihifadhi ilipozaliwa.

Januari huko ni kiangazi kikali. Mwaka 1928 mji ulikuwa ukiwachanja watoto dhidi ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwaziba watoto koo hadi wakakosa pumzi. Chanjo ilitoka Melbourne, katika maabara ya serikali, ndani ya chupa yenye kizibo cha mpira. Chupa ile ilikuwa imetumika tayari mara kadhaa mwezi huohuo, na watoto wa awali hawakudhurika. Lakini kila sindano inayotoboa kizibo ni mlango, na katikati ya siku hizo chupa ilikaa kwenye joto bila jokofu. Chanjo yenyewe haikuwa na kihifadhi chochote. Bakteria wa stafilokoka aliyeingia humo alipata chakula, joto na muda.

Tarehe 27 Januari daktari aliwachoma watoto 21. Usiku haujaisha, watoto wakaanza kutapika, kuungua homa na kushikwa na degedege. Waliougua ni 18. Waliokufa ni 12, karibu wote ndani ya siku mbili. Familia moja ilizika ndugu watatu. Wazazi hawa walikuwa wametii: waliambiwa chanjo itawaokoa watoto wao na dondakoo, wakawaleta.

Serikali iliunda tume chini ya Charles Kellaway wa Melbourne, na katika maabara yake alikuwemo Macfarlane Burnet, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Walimkuta stafilokoka ndani ya chupa, wakamkuta na kwenye majipu ya watoto walionusurika. Hukumu yao ya mwaka 1928 ilikuwa wazi: dawa ya aina hii isiyo na kitu cha kutosha cha kuzuia bakteria kukua isiwekwe tena kwenye chupa ya kuchotwa mara nyingi. Walitoa uamuzi huo kutokana na maiti 12, na hadi leo sijaona hoja ya wapinga vihifadhi inayoanza kwa kuujibu.

Kilichokosekana sasa kilikuwa kihifadhi chenyewe. Dawa nyingi zinazoua bakteria huiharibu chanjo pia. Mwaka 1927 mkemia Morris Kharasch, aliyezaliwa Kremenets, Ukraina ya leo, na kufanya kazi Marekani, alikuwa ameomba hataza ya mchanganyiko wa zebaki unaoyeyuka kwenye maji. Kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis iliuza mchanganyiko huo, ambao ndio thiomesali, kwa jina la Merthiolate. Kiasi kidogo sana, sehemu moja kwa elfu kumi au pungufu, kilitosha kuwazuia bakteria bila kuiua nguvu ya chanjo.

Je, ulipimwa kwa binadamu? Hapa njia inapita mahali pasipopendeza, na sipo hapa kupaficha. Mwaka 1929 Indianapolis ilipatwa na mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Madaktari wa hospitali ya mji, akiwemo Kenneth Smithburn, waliwachoma baadhi ya wagonjwa Merthiolate kwenye mshipa wakitumaini ingewaponya. Haikuwaponya. Mwaka 1931 watafiti wa Lilly, Powell na Jamieson, waliandika kwamba watu 22 walipewa dawa hiyo bila dalili za kudhurika nayo, ila hawakumwambia msomaji kwamba watu hao walikuwa mahututi kwa ugonjwa mwingine. Anayesema utafiti ule haukuthibitisha usalama wowote anasema kweli. Uthibitisho ulikuja baadaye sana, kwa njia nyingine.

Smithburn huyo huyo alikuja kwetu. Alijiunga na Wakfu wa Rockefeller na kufanya kazi Entebbe, katika taasisi ya utafiti wa homa ya manjano iliyoanzishwa mwaka 1936. Mwaka 1940 yeye na wenzake walitangaza virusi vya West Nile, vilivyopatikana katika damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile mwaka 1937. Mwaka 1944, pamoja na Alexander Haddow, alitangaza virusi vya Semliki, vyenye jina la bonde lililoko chini ya Rwenzori, kaskazini mwa Ziwa Kivu. Taasisi ile sasa ndiyo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, ambayo imekuwa ikipima damu za washukiwa wa Ebola wa eneo letu lote.

Kutoka miaka ya 1930 thiomesali ilienea kimyakimya katika chanjo za dunia nzima, na chupa za aina ya Bundaberg zikaacha kuua. Kwa miaka mingi wachache tu waliiuliza swali. Jina la zebaki liliharibiwa na mambo mengine. Mwaka 1956 madaktari wa Minamata, Japani, waligundua ugonjwa wa mishipa ya fahamu kwa watu na paka waliokula samaki wa ghuba ambamo kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga taka. Kati ya mwaka 1971 na 1972 wanakijiji wa Iraki walioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki. Zaidi ya 6,000 walilazwa hospitalini na zaidi ya 400 wakafia humo. Zote mbili zilikuwa zebaki ya methili, ambayo hukaa mwilini, hupanda kwenye ubongo, na humfikia mtoto tumboni.

Thiomesali ikiingia mwilini huachia zebaki ya ethili. Majina yanafanana, mwenendo haufanani. Nusu ya zebaki ya methili huchukua takriban mwezi mmoja na nusu kutoka kwenye damu. Utafiti uliofanywa kwa watoto 216 wa Buenos Aires na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba nusu ya zebaki itokanayo na chanjo huondoka kwenye damu yao ndani ya siku 3.7, na nyingi hutoka kwa haja kubwa. Mtoto anayerudi kliniki baada ya wiki nne hukuta ile ya mwanzo imekwisha karibu yote.

Tofauti hiyo haikujulikana vizuri mwaka 1999. Wamarekani walipojumlisha zebaki ya chanjo zote walipata mikrogramu 187.5 katika miezi sita ya kwanza, wakaipima kwa kipimo cha zebaki ya methili kwa kuwa hawakuwa na kingine. Mwezi Julai madaktari wa watoto na serikali yao waliomba thiomesali iondolewe, kwa tahadhari. Dunia ilisikia neno moja tu: sumu. Kutoka hapo ikadaiwa kwamba zebaki ndiyo inayoleta usonji. Dai hilo lilipimwa. Denmark ilikuwa imeacha kutumia thiomesali tangu 1992, na watoto waliotambuliwa kuwa na usonji waliendelea kuongezeka. California ikaona vivyo hivyo baada ya kuiondoa. Kama zebaki ya chanjo ingekuwa chanzo, idadi ingeshuka, na haikushuka popote.

Marekani na Ulaya zilikuwa na uwezo wa kuhamia chupa ya dozi moja na sindano iliyojazwa kiwandani. Sisi je? Swali hilo lilifika Afrika Mashariki rasmi. Mataifa yalipokuwa yakiandika mkataba wa kupunguza zebaki duniani, kikao cha tatu kilifanyika Nairobi, kwenye makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, kuanzia 31 Oktoba hadi 4 Novemba 2011. Vikundi vya kupinga thiomesali vilitaka chanjo ziingizwe kwenye orodha ya bidhaa za kupigwa marufuku pamoja na betri, balbu na sabuni. Mwezi Aprili 2012 washauri wa Shirika la Afya Duniani walijibu kwamba chanjo hizo ni salama na kwamba nchi nyingi hazina cha kuziba pengo lake. Wakati huo zilikuwa zikitumika katika nchi zaidi ya 120. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, kile kile cha mwaka 1999, kikaunga mkono. Mkataba uliopitishwa tarehe 10 Oktoba 2013 huko Kumamoto, jirani na Minamata, unapiga marufuku bidhaa nyingi za zebaki na kuziacha nje chanjo zenye thiomesali, kwa maandishi.

Mkataba huo umepewa jina la Minamata, ambako watoto walizaliwa walemavu kwa sababu ya zebaki. Uamuzi wa kuiacha chanjo nje ya marufuku haukufanywa na watu wasiojua zebaki ni nini.

Rwanda yenyewe imeshajaribu maisha bila kihifadhi, na inajua gharama yake. Mwezi Aprili 2009 ilikuwa nchi ya kwanza kati ya zile zinazosaidiwa na GAVI kuanza chanjo ya nimokoka. Kampuni ya Wyeth ilitoa dozi bure kwa Rwanda na Gambia, zaidi ya milioni 3, na zilikuja ndani ya sindano za kioo, kila mtoto na yake. Ni nzuri mno, na hazihitaji kihifadhi. Lakini kila sindano na boksi lake ilidai nafasi kwenye jokofu, nchi ikalazimika kupanua vyumba vyake vya baridi. Chukua nafasi ya chupa moja ya dozi 10, weka sindano kumi za kioo, kisha panda nazo kutoka Kigali hadi Musanze, ushuke hadi Rubavu, na kutoka hapo uzifikishe kwenye kituo cha mlimani kwa pikipiki ndani ya kikasha chenye barafu.

Kenya ilichukua njia ya katikati. Mwezi Februari 2011 ilianza chanjo ya nimokoka ya chupa ya dozi mbili isiyo na kihifadhi. Kwa ajili ya chupa hiyo moja wauguzi nchi nzima walifundishwa upya: ikishafunguliwa itupwe ndani ya saa sita, isirudishwe kwenye jokofu kusubiri kesho. Baadaye mtengenezaji alileta chupa ya dozi nne yenye kihifadhi kisicho cha zebaki. Kwa hiyo njia nyingine zipo, na wanasayansi waendelee kuzitafuta. Ila kihifadhi hicho hakifai kila chanjo, na thiomesali nayo haifai kila chanjo: huiharibu ile ya polio ya sindano, na ingewaua virusi hai wa chanjo ya surua. Ndiyo maana chanjo ya surua, inayoogopwa kuliko zote na wasomaji wa mitandao, haina zebaki na haijawahi kuwa nayo.

Na chupa isiyo na kihifadhi ikitendewa vibaya hutokea nini? Tusirudi Australia. Twende Sudan Kusini, kijiji cha Nachodokopele, eneo la Kapoeta, mwaka 2017. Mwanzoni mwa Mei kampeni ya surua iliwafikia watu takriban 300 kwa siku nne. Timu haikuwa na mafunzo ya kutosha. Miongoni mwa waliochoma sindano walikuwemo watoto wa miaka 12. Sindano moja ya kuchanganyia ilitumika kwa siku zote nne, na chanjo ilikaa bila baridi. Watoto 15 walikufa, wote chini ya miaka 5. Wengine 32 waliugua na kupona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi Juni kwamba sababu ilikuwa chanjo iliyochafuliwa. Miaka 89 ilikuwa imepita tangu Bundaberg, na vifo ni vilevile: homa, kutapika, sumu ya bakteria kwenye damu. Chanjo ya surua haiwezi kutiwa zebaki, kwa hiyo kinga yake pekee ni mkono wa muuguzi na saa ya ukutani.

Rubavu ilipata upande mwingine wa hadithi hii. Mwezi Julai 2019 Ebola ilifika Goma, na mwezi Desemba Rwanda ilianza kuwachanja kwa hiari watu wa Rubavu na Rusizi, hasa wavukao mpaka, kwa chanjo ya dozi mbili. Zaidi ya watu 200,000 walichanjwa katika mpango huo. Chanjo hiyo haina zebaki, na ilihitaji majokofu ya baridi kali kuliko yale ya kawaida ya kituo cha afya. Dunia iligharamia hayo kwa sababu iliiogopa Ebola. Pepopunda ya mtoto mchanga na kifaduro haziogopwi namna hiyo huko zinakotoka fedha, na kwa hiyo chanjo zake lazima ziweze kusafiri kwa barafu ya kawaida.

Mwezi Julai 2025 waziri wa afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., alitia saini pendekezo la kuondoa thiomesali kwenye chanjo zote za mafua nchini mwake. Huko ni sehemu ndogo tu ya chanjo za mafua iliyokuwa nayo. Hakuna mtoto wa Chicago atakayekosa kinga kwa saini hiyo. Lakini habari yake ilivuka bahari bila maelezo hayo, na mama wa Goma au wa Gisenyi anaipokea kwenye simu kana kwamba imemhusu yeye.

Kama ni zebaki inayotusumbua, na itusumbue, ipo mahali pake. Ipo migodini Geita na Ituri, ambako vijana huichanganya na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu na kuichoma wakivuta moshi wake. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaomwaga zebaki nyingi zaidi hewani kuliko kazi nyingine yoyote duniani. Ipo kwenye mkorogo: mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa walioharibika figo, zaidi ya nusu yao wakiwa wametumia krimu za zebaki za kung'arisha ngozi. Rwanda ilianza kuziondoa bidhaa za aina hiyo madukani kwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2018. Nguvu zote zinazotumika kuitisha chupa ya chanjo zingepelekwa huko, zingeokoa figo na ubongo wa watu halisi.

Ombi langu ni kwa wizara, wauguzi na washauri wa afya wa vijiji. Mzazi akiuliza, asijibiwe kwamba ni uzushi. Ajibiwe kwamba zebaki imo, ni ya aina gani, ni kiasi gani, inatoka mwilini kwa siku ngapi, na kwamba iliwekwa baada ya watoto 12 kufa Bundaberg. Tarehe ya kufungua iandikwe kwenye kila chupa yenye kihifadhi, isizidi siku 28. Kiashiria cha joto kwenye lebo kiangaliwe kabla ya kila kikao. Mraba wa ndani ukiwa na rangi sawa na duara, chupa isitumike. Na chupa ya surua iliyofunguliwa imwagwe baada ya saa sita, hata kama imebaki dozi nane na foleni ya kesho ni ndefu.